"MZEE WANGU MAFUTA NI MAFUTA TU" – huyu fundi wa breki leo kanivuruga

Wakuu nimetoka kwake sasa hivi mikono bado inatetemeka, naandika hivi hivi mtanisamehe. Yule fundi mnamjua, simtaji, yule mwenye mdomo kuliko spika ya mnadani, kila gari bovu la Dodoma hii limepita kwake likaingia na ugonjwa mmoja likatoka na mitatu.

Gari yenyewe Datsun 240Z, ya marehemu baba, aina ile ile iliyobeba Safari Rally 1971 ikarudia 1973. Breki ya mbele kulia ilikuwa inashika, ukitoka Kisasa ukifika Area C rimu unachomea mishkaki. Nikampelekea nikamwambia vizuri kabisa, fundi, piga jeki, tairi likigoma fungua nati ya kutolea upepo, likiachia ujue presha imenasa, hosi ya mpira imezeeka imevimba kwa ndani inapeleka fluidi lakini hairudishi, lisipoachia ujue pistoni ya kalipa, kile kibanio cha breki, imeota kutu. Nikaenda kazini. Jioni nachukua, ananiambia tayari, nikalipa.

Leo barabara ya Mtumba, jua la saa saba, tairi ZOTE NNE zimekamata. Vijana sita wa bodaboda wanasukuma, halisogei hata inchi, utadhani limepandwa pale na serikali kama mti. Nikafunga boda mpaka kwake, nikamuuliza umeweka nini kwenye breki? Akanionyesha chupa ya soda, ina oili nyekundu ya stelingi, na anacheka, mbele ya vijana wake na mama ntilie, ananiambia "mzee wangu, mafuta ni mafuta tu."

Mafuta ni mafuta tu! Basi chapati zake akaangiwe dizeli! Mtoto wake akipauka ampake grisi! Oili ile ikigusa mipira ya breki inavimba yote, ya mastasilinda, ile pampu inayosukumwa na pedali, inaziba kile kitundu cha kurudishia fluidi, presha haina pa kwenda, breki zinabana zenyewe. Sasa mipira yote ya kubadilisha, mastasilinda, kalipa, silinda za nyuma, hosi, mabomba kuoshwa kwa spiriti, na spea za 240Z hamzikuti dukani. Na yeye anacheka. Mama ntilie naye akacheka, mwiko mkononi. Mafuta ni mafuta tu. Hata pole sikupewa.

Ubuyu Mchachu: Uzi bila picha ni chai.

Mlalahoi Kibaigwa: Mkuu namjua huyo 😂😂 mimi rejeta ilivuja akaziba kwa sabuni ya mche, nikafika Gairo povu linatoka mbele kama nafua barabarani

Kijana wa Nkuhungu: Uza hilo kopo nunua IST, spea kila duka. Gari ya mwaka 47 unaipeleka kwa fundi wa bajaji halafu unalia humu

Mleta uzi: @Kijana wa Nkuhungu kopo ni lako. Nilimwambia afungue nati MOJA. Moja! Mtu anakumiminia oili ya stelingi kwenye breki halafu anakwambia mafuta ni mafuta, ungekaa kimya wewe?

Spana 14: Mleta uzi usiliwashe kabisa. Na kabla ya kufunga mipira mipya cheki ile fimbo ya pedali, iwe na nafasi kidogo, ikikaa imebana utabadilisha kila kitu na bado zitashika. Breki fluidi DOT 4, kopo jipya, iliyokaa wazi inavuta maji.

Mleta uzi: Asante sana mkuu Spana, angalau mtu mmoja. Mwenzio kaniambia mafuta ni mafuta.

Mke wa Mtu: Nyie mna afadhali. Fundi wangu wa friji kaichukua tangu Januari, nikipiga simu ananiambia "dada inaganda vizuri sana", kumbe anauzia barafu!

Ubuyu Mchachu: 🤣🤣🤣 friji inamlipia kodi

Mlalahoi Kibaigwa: Afadhali friji. Fundi cherehani wangu nimemkuta harusini KAVAA suti yangu, na kaipunguza mikono

Mke wa Mtu: Huyo si yule mfupi anayeongea huku ana pini mdomoni? Ana gauni langu tangu Krismasi

Kijana wa Nkuhungu: La kijani?

Mke wa Mtu: WEWE UMELIONA WAPI