Mtangazaji kanipigia mlio wa BATA hewani, nchi nzima inasikiliza!!!

Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka, hata chai sijanywa.

Yule jamaa wa kipindi cha asubuhi, mnamjua, yule anayecheka kabla utani wake haujaisha, leo kanidhalilisha mbele ya taifa. Mama mkwe alikuwa anasikiliza. Muuza vitumbua alikuwa anasikiliza. Nadhani hata waliofariki walisogeza redio.

Swali la chemsha bongo, zawadi mtungi wa gesi: Apollo 11 inapaa kwenda mwezini, ile sauti iliyokuwa inahesabu ni ya nani? Laini ikaingia. Mimi mambo ya anga nayafuatilia tangu nasoma sekondari, nikajibu kwa kujiamini kabisa: Jack King. Kimya. Namsikia anabonyezabonyeza simu yake. Halafu: "Msikilizaji wetu, Jack King ni mtu wa katuni za Donald Duck!" Na palepale akabonyeza mlio wa bata. KWAA KWAA KWAA. Studio nzima wakafa kwa kicheko.

Jamani, wako WAWILI! Jack King wa katuni alifariki 1958, mwaka uleule NASA, shirika la anga la Marekani, ilipoanzishwa. Angehesabuje roketi ya 1969, kutokea kaburini? Jack King wangu mimi alikuwa mwandishi wa shirika la habari la AP pale Cape Canaveral, Florida, wanakorushia roketi, NASA wakamchukua awe msemaji wao. Tarehe 16 Julai 1969, huku kwetu saa 10:32 jioni, ni yeye aliyekuwa kwenye kipaza sauti cha chumba cha kurushia Florida. Alipofika tisa akatangaza mitambo imeanza kuwashwa, akaendelea sita, tano, mpaka sifuri. Amefanya kazi hiyo hadi Apollo 15, akafariki 2015. Dunia nzima inaijua sauti ile. Isipokuwa mtu mmoja, naye kapewa studio!

Na mtungi? Kapewa mpigaji aliyefuata, aliyejibu Neil Armstrong. ARMSTRONG! Yaani mtu amelala chali juu ya roketi, amefungwa mikanda, kavaa kofia ya chuma, halafu ndiye anajihesabia safari yake kama utingo. Akaambiwa hongera. Mimi nikaambiwa KWAA.

Chapati ya Jana: Kwaa kwaa, mkuu. Endelea, tunakusikiliza.

Mzee wa Kijiweni: Mtungi ulikuwa wa kilo ngapi?

Mleta uzi: Kilo 15! Na jiko la plati mbili! Lakini mimi silii mtungi, nalia heshima. Alibonyeza mara mbili, wakuu. Nilipoanza kujieleza akabonyeza TENA.

Mzee wa Kijiweni: Kilo 15 ningelia mtungi.

Shangazi Pilipili: Nilikuwa nasikiliza. Kusema kweli lile bata la pili lilikuja kwa wakati wake. Mume wangu alitema uji.

Mdau wa Kweli: Mimi nilijua ile sauti ni ya Walter Cronkite.

Mleta uzi: Cronkite alikuwa mtangazaji wa runinga ya CBS! Yeye mwenyewe alikuwa anamsikiliza King kama wewe na mimi! Kumbe yule mtangazaji ana ndugu humu.

Nyundo: Huyo shujaa wako ulimi ulimteleza pale sifuri ilipofika, akataja injini kana kwamba ni moja tu wakati roketi yenyewe, Saturn V, inaondoka na injini tano chini. Kwa hiyo nyote wawili mmeaibika hewani. Tofauti ni kwamba yeye hakupigiwa bata.

Mleta uzi: Nyundo nakuombea nawe siku moja upigiwe kwaa mbele ya mama mkwe.

Katuni za Zamani: Samahani, lakini mleta uzi unamzungumzia yule wa Disney kama mtu wa kuchorachora ukutani. Jack King alikuwa mwongozaji. Ile filamu fupi ya 1938 ambamo wapwa watatu wa Donald wanaonekana sinemani kwa mara ya kwanza ni kazi yake. Good Scouts ya mwaka huohuo ilipendekezwa kwa Oscar. Ukisikia jina lake ukaona ni tusi, tatizo ni lako.

Mleta uzi: Sijasema ni tusi! Tusi ni BATA!

Katuni za Zamani: Bata ndiye aliyemlisha maisha yake yote. Na pale Disney mkoroganyo ulikuwa mbaya zaidi: Jack King, Jack Kinney na Jack Hannah, wote waongozaji. Mimi niliwahi kubishana na mtu usiku kucha akidai Kinney na King ni mmoja. Kinney ni wa katuni za Goofy!!! Bado namsubiri aombe radhi.

Chapati ya Jana: Huu uzi una majeki mengi kuliko gereji.

Karafuu Kavu: Mie nnashangaa watu mnatoana roho kwa ajili ya Florida. Kituo cha NASA cha kufuatilia vyombo vya Mercury, mradi wao wa kwanza wa kupeleka watu angani, kilikuwa hapa Unguja, Tunguu. Mwanaanga wao John Glenn alipoizunguka dunia 1962 alipita juu yetu. Mapinduzi yalipotokea 1964 kikafungwa. Skuli hatukufundishwa hata sentensi moja. Hilo ndilo la kulalamikia.

Wanjohi wa Pwani: Nyinyi mlikuwa mnasikiliza tu. Sisi huku karibu na Malindi tulirusha kabisa. Setelaiti ya Uhuru, 12 Desemba 1970, siku yetu ya uhuru. Wacheni maringo.

Karafuu Kavu: Mlirusha? Roketi ya Wamarekani, wafanyakazi Waitaliano, jukwaa la Waitaliano katikati ya bahari. Nyie mlitoa mawimbi.

Wanjohi wa Pwani: Jina je? Jina ni la nani?

Nyundo: Jina wametoa bure. Hata mleta uzi ana jina sahihi na mtungi hana.

Mleta uzi: Jamani turudi kwenye mada. Nataka namba ya ofisi ya kupeleka malalamiko ya watangazaji. Nani anayo?

Shangazi Pilipili: Mimi ningeanza na redio ya jirani yangu. Anafungua saa kumi na moja alfajiri, sauti yote, kipindi hichohicho.

Mzee wa Kijiweni: Afadhali redio. Wangu ana jogoo na jenereta.

Wanjohi wa Pwani: Karafuu, bado hujanijibu kuhusu jina.

Mzee wa Kijiweni: Na jenereta lenyewe anaegesha chini ya dirisha langu. Kuna anayejua mjumbe anaruhusiwa kuingilia?