Mawimbi ya ubongo yanashikaje namba kichwani?

Swali
Habari wadau. Jana nilisomewa namba ya simu, nikawa nairudia kimoyomoyo huku natafuta kalamu. Mtu akaniuliza saa ngapi, nikamjibu, namba yote ikayeyuka. Nasikia mawimbi ya ubongo ndiyo hushika vitu hivyo. Yanashikaje?

Jibu
Pole ndugu yangu. Nimesomea mambo haya na swali lako nalipenda sana. Mawimbi ya ubongo ni umeme wa seli za ubongo unaopanda na kushuka kwa mapigo. Wimbi liitwalo theta hupanda na kushuka mara 4 hadi 8 kwa sekunde. Wimbi liitwalo gama lina kasi zaidi, mara 30 na kuendelea. Mwaka 1995 wanasayansi Lisman na Idiart walipendekeza kwamba ndani ya pigo moja la theta hupangika mapigo kadhaa ya gama, kila moja likibeba kitu kimoja. Theta ni uzi, tarakimu zako ni shanga. Uzi wenyewe mfupi, shanga kama saba tu. Bado ni nadharia, ila kwangu inaeleza mengi.

Jibu
Msisahau wimbi la alfa, mara 8 hadi 12 kwa sekunde. Daktari Mjerumani Hans Berger aliieleza mwaka 1929. Ukifumba macho inapanda, ukifumbua inashuka. Huonekana kutuliza sehemu za ubongo zisizohitajika kwa wakati huo, ndipo unaweza kumakinika.

Muulizaji
Kumbe! Basi lile swali la saa lilikata uzi wangu?

Jibu
Ndivyo ninavyoamini. Safari nyingine tarakimu zikariri tatu tatu. Fungu zima hukaa kama shanga moja. Na kabla hujamjibu mtu, malizia kwanza kuandika.