Tupeane uzoefu: kompyuta ulifundishwa vipi, au uliifundishaje?

Wakuu habari za jioni. Naanza mimi.

Nilijitolea kufundisha kompyuta shule moja ya msingi huku Moshi. Mashine 9, zinazowaka 5, watoto 40 na ushee. Siku ya tatu umeme ukakatika hata hatujakaa vizuri. Nikawatoa nje. Nikakumbuka Logo, lugha ya kuandikia programu za kompyuta ya mwaka 1967 ya akina Seymour Papert, ile ya kumwamuru kobe atembee huku akichora. Nikamfunga dogo mmoja kitambaa machoni, nikampa kijiti aburuze chini: wewe ndiye kobe. Wenzake wanaamuru: mbele hatua 4, kulia 90, rudia mara 4. Mraba ukatoka, kelele kama Simba kafunga.

Haya, pembetatu yenye pande sawa. Wote kwa pamoja: kulia 60! Si ndivyo walivyofundishwa kwenye hesabu? Kobe akaenda, akageuka, akaenda, akageuka, akazama kwenye migomba ya jirani. Tulibishana weee. Mwishowe binti mmoja mkimya akaenda kusimama mwenyewe kwenye kona, akajigeuza taratibu. "Mwalimu, mbona mwili unazunguka zaidi ya 60?" Akahesabu kwa vidole: 120. Kobe hageuki pembe ya ndani, anageuka ile inayobaki hadi 180. Mimi nilielewa hilo nikiwa chuo.

Mmeru Mpole: Hahaha mkuu. Mimi Arusha kibodi nilichorewa ubaoni kwa chaki, tukaikariri. Mtihani nikapata A, kuwasha sijui. Kushika mausi mara ya kwanza mshale haukufika ninapotaka, nikamwambia mwalimu meza imeisha.

mamaWawili_Njiro: Scratch, ile programu ya watoto kujifunza kuprogramu kwa kuunganisha vipande, ina Kiswahili jamani, wengi hawajui. Bonyeza Settings pale juu, kisha Language. Wa kwangu wa darasa la 4 tangu nibadilishe kaacha kuniita kila dakika. Tafsiri nyingine zinachekesha, ila anasonga. Na ukishaipakua haili bando.

fundiSakina: Mleta mada, bado unafundisha?

Mleta mada: Muda wangu uliisha mkuu. Juzi nilikutana na yule binti sokoni Kiboriloni anamsaidia mama yake kuuza ndizi, akaniuliza duara kobe analichoraje. Nikamwambia hatua 1, kulia digrii 1, mara 360. Akasema, "Atachoka." Mwenye chaja za laptop za zamani anicheki PM.