Kazi za nyuma ya jukwaa Ngome Kongwe: zikoje?

Kijana wa Ng'ambo: Assalaam alaykum wadau. Nimesomea umeme, na Februari nataka kujitolea Sauti za Busara, lile tamasha la muziki la Ngome Kongwe, Zanzibar, upande wa nyuma ya jukwaa. Kazi yenyewe ikoje?

Mama Nyaya: Waalaykum salaam mwanangu. Mle ndani nimevuta nyaya misimu sita, na naipenda kazi ile kwa moyo wote. Muziki ni laivu mtupu, hakuna pleibeki. Kila ngoma na kila ganuni, ile ala ya nyuzi ya taarabu, ina maikrofoni yake na waya wake, na bendi moja ikishuka nyingine iko mlangoni inangoja. Kwa hiyo jifunze kwanza kukunja waya. Usiuzungushe kiwikoni, unajipinda ndani na kukatika. Kunja duara moja kwa juu, la pili kwa chini, halafu ubandike utepe wenye namba ncha zote mbili. Umeme wa taa utenge na wa spika, la sivyo utasikia mvumo usiku kucha. Wakati ule ni kaskazi, jua la saa nane vyuma vya jukwaa havishikiki. Chukua glavu.

Dada wa Forodhani: Na kanga au taulo la jasho! Kula mapema pia, jioni hupati nafasi.

Kijana wa Ng'ambo: Shukran mama. Utepe wa rangi gani?

Mama Nyaya: Mweupe, mwanangu. Gizani ndio unaosomeka.