Ben-Hur (1959): kwa nini muziki unanyamaza kwenye mbio za magari ya farasi?

Mwanakwaya wa Nyegezi
Ndugu wanajukwaa, salaam. Hapa Mwanza, wanakwaya tumeitazama Ben-Hur, na ubishi haujaisha. Filamu hiyo ya zaidi ya saa 3 na nusu imesheheni muziki wa okestra, lakini zinapoanza mbio za magari ya farasi, ambazo kila mtazamaji anazingojea, hausikiki hata mlio mmoja wa fidla. Wenzangu wanadai mtunzi alizembea. Wajuzi mnasemaje?

Tarumbeta la Bugando
Ndugu yangu, aliyezembea hapewi Oscar. Miklós Rózsa, mzaliwa wa Budapest, aliipata kwa muziki huu, ikiwa ni ya tatu kwake. Sikilizeni kinachotangulia mbio: magari yanapouzunguka uwanja, matarumbeta yanapiga gwaride la fahari mpaka masikio yanashiba, kisha, kwa takriban dakika 9, tunaachiwa vishindo vya kwato, magurudumu na mayowe ya umati. Muziki ungekuwepo hapo, ungetudokeza mapema nani atapona na nani ataanguka.

Binti Ukerewe
Naafikiana na kaka, ingawa kwangu kilele cha muziki wenyewe kiko kwenye merikebu ya vita. Kamanda anaamuru mwendo uongezwe, mpiga mapigo anaharakisha, na okestra inamfuata, nzito na yenye kukwaruza, ikizidi kukaza mwendo hadi watumwa wengine wanazimia juu ya makasia yao. Sisi tuliokulia visiwani tunajua kwamba kasia huenda na wimbo. Lakini wimbo wetu huanzishwa na wavuta kasia wenyewe, na wakichoka huupunguza. Kule pigo ni mali ya bwana, na Rózsa ameufanya muziki wenyewe uwe upande wa bwana huyo. Ndiyo maana eneo lile linatisha kuliko mbio.

Mwanakwaya wa Nyegezi
Nawashukuru, dada na kaka. Hilo la merikebu halikutupitia akilini, pengine kwa sababu spika ya kibanda tulichotazamia hutoa besi tupu. Je, kinanda kinachosikika Yesu anapotokea nacho kina mpango wake?

Tarumbeta la Bugando
Kinao. Uso wa Yesu hauonyeshwi wala sauti yake haisikiki katika filamu nzima, hivyo kinanda na fidla za juu ndivyo vinavyomtambulisha. Tumieni spika za masikioni, na msiruke utangulizi unaopigwa kabla ya hadithi kuanza.