Naomba ushauri: kuvua samaki truti kwenye kamto kenye miti mingi

Bandugu jambo, niko hapa Bukavu, kuvua najua kwa ziwa Kivu tu, ndoana na mnyoo, mtu anakaa juu ya jiwe anangoja. Sasa mwezi wa nane naenda kwa yaya wangu (ndugu yangu mukubwa) Ubelgiji, kule Ardennes, karibu na kwake kuko kamto kenye truti wa kahawia, wale wenye madoa mekundu, lakini miti imefunika pande zote, matawi yanagusa mpaka maji. Yaya anasema wanavua na nzi wa bandia, ni kusema ndoana yenye kufungwa manyoya ifanane na mdudu, uzi mzito unarushwa nyuma kisha mbele. Nyuma wapi na ule msitu?? Nasikia kuko namna ya kuviringisha uzi juu ya maji bila kuupeleka nyuma, mwenye anaijua anieleze mkono unafanya nini. Fimbo ya mita mbili na kitu inatosha ao itanisumbua? Truti anaangalia kule maji yanatoka, kwa hiyo unamufata kwa nyuma polepole, ila nitembee ndani ya maji ao nibakie ukingoni? Perimi ya kuvua yaya atashughulikia, msimu unafungwa mwisho wa Septemba. Na tafazali musinitume kwa bwawa, bwawa sitaki.