Wazazi wa Shehia: Mashauriano ya Skuli Mpya

*Alhamisi*

Sheha, saa 1:40 usiku
Assalamu alaykum, na habari za jioni kwa wanakikundi nyote, Waislamu na ndugu zetu wa dini nyengine. Kama mnavyojua, tumekubaliana kujenga skuli mpya ya msingi katika kiwanja kilicho nyuma ya banda la maandalizi, na kabla ramani haijapelekwa kwa Afisa Elimu wa Wilaya tunataka kila mzazi aseme ni skuli ya namna gani itakayowafaa watoto wote, waliozaliwa hapa na waliokuja na wazee wao kwa kazi za mahotelini. Mkutano utakuwa Jumamosi ya wiki ijayo, saa 4 asubuhi, chini ya mti wa mkungu.

Mama Subira, saa 1:52 usiku
Waalaykumu salaam, Sheha wetu. Ninaomba kwa heshima siku hiyo itazamwe upya, kwa sababu Jumamosi hiyo itakuwa mwezi kumi na sita kwa hesabu ya mwandamo, bamvua kubwa, na saa 4 asubuhi maji yatakuwa yamekupwa na sisi wanawake wa mwani tutakuwa baharini tukifunga mbegu kwenye kamba. Mkutano ukifanyika saa hiyo utahudhuriwa na wanaume na walimu, kisha itaandikwa kwamba wazazi wameulizwa, ilhali mimi ndiye ninayemwamsha mtoto alfajiri na kumfulia sare.

Baba Neema, saa 2:05 usiku
Ninamuunga mkono Mama Subira, nami nina ombi kama hilo, kwa kuwa zamu yangu ya hotelini huanza saa 12 asubuhi na kwisha saa 9 alasiri. Zaidi ya hapo nina jambo ambalo sikuwahi kulisema hadharani. Binti yangu alipokuwa darasa la 2 katika skuli nyengine, kila kilipofika kipindi cha dini aliambiwa atoke nje, akakaa barazani peke yake mpaka kengele ilie. Hakuna aliyemtukana wala kumpiga, lakini alirudi nyumbani akaniuliza amefanya kosa gani. Sisi ni Wakristo tuliohamia hapa kwa kazi, na sidai kipindi cha dini kiondolewe kwa watoto wa Kiislamu. Ninachoomba ni chumba, mtu mzima na kazi ya kufanya kwa mtoto wangu katika muda huo.

Ustadh wa chuo cha Kurani, saa 2:20 usiku
Baba Neema, pole sana, na ninashukuru kwamba umelisema. Mtoto kuachwa barazani si katika adabu tunayoifundisha chuoni, na nitalisema hilo mkutanoni kwa mdomo wangu mwenyewe. Na mimi nina langu: madarasa yakiwa machache skuli itaingia mikondo miwili, wa asubuhi na wa mchana, na watoto wa mkondo wa mchana hawatakuwa na wakati wa chuo isipokuwa usiku, wakiwa wamechoka. Kwa hiyo hesabu ya vyumba si ya fundi peke yake.

Baba Khamis, saa 2:31 usiku
Nimesikia kwa watu kwamba wako wanaotaka watoto wafundishwe kwa Kikae, lahaja yetu ambayo pia huitwa Kimakunduchi. Mimi ninakipenda Kikae, ni lugha ya mama yangu, lakini mtihani hautakuja kwa Kikae, na sitaki mwanangu abaki nyuma ya watoto wa mjini kwa sababu ya mapenzi yetu ya mambo ya kale.

Mwalimu Mstaafu, saa 3:15 usiku
Wanangu na ndugu zangu, mnisamehe kwa urefu wa maneno yangu. Nimeshika chaki kwa miaka mingi, na jambo hili sitaki lipite kwa haraka.

Wakati wa ukoloni visiwani kwetu zilikuwepo skuli zilizojengwa na kuendeshwa kwa ajili ya jamii moja moja, na mtoto alijua mapema mlango upi ni wake na upi si wake. Tarehe 23 Septemba 1964 Mzee Karume alipotangaza elimu bila malipo, wazee wetu hawakufurahia kuondolewa kwa ada peke yake, walifurahia pia kwamba mtoto wa mvuvi angeweza kukaa dawati moja na mtoto wa mfanyabiashara. Lakini mlango unaweza kuwa wazi na mtoto bado akabaki barazani, kama alivyobaki binti wa Baba Neema. Jambo hilo limenitia huzuni kubwa, maana na mimi nimewahi kuwatoa watoto nje kwa namna hiyohiyo, nikidhani ninawastahi.

Sasa nimjibu Baba Khamis, ambaye hofu yake ni ya haki. Hakuna aliyependekeza Kikae kiwe lugha ya mitihani. Mtoto wa kwetu huamka na Kikae cha bibi yake, huingia darasa la 1 akakuta Kiswahili sanifu, chuoni hukutana na Kiarabu, na Sera ya Elimu ya mwaka 2006 ikaelekeza kwamba Hisabati na Sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la 5. Mtoto huyo ana mzigo mkubwa wa lugha kuliko mtu mzima yeyote katika kikundi hiki. Ninachokiomba ni kwamba mwalimu wa darasa la 1 awe anaielewa lahaja yetu, ili mtoto akijibu sawasawa kwa maneno ya nyumbani kwao asichekwe na asiwekewe mkasi wa kosa, bali akubaliwe jibu lake kisha afundishwe namna ya kulisema kwa Kiswahili cha kitabuni. Tukumbuke kwamba Kiunguja cha mjini kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928. Kilichaguliwa, hakikushuka kutoka mbinguni, na lahaja nyengine hazikugeuka makosa siku ile. Baraza la Kiswahili la Zanzibar limekwisha kutoa kamusi ya Kimakunduchi, basi haiwezekani maneno yaliyochapishwa na baraza letu yawe ya kuchekwa darasani kwetu.

Na Neema naye, ambaye Kikae hakijui, atakisikia kwa wenzake na atakijua, kama watoto wa hapa watakavyojua kutoka kwake nyimbo za kwao. Kila sikukuu ya Mwaka Kogwa wenzetu wa Makunduchi huona ni unyonge kwa nyumba kukosa mgeni wa kula naye. Ninatamani darasa letu liuone upungufu huohuo pale mtoto mmoja anapokuwa nje.

Baba Khamis, saa 3:28 usiku
Ahsante, mwalimu wangu. Ikiwa ni hivyo, sina pingamizi, ila ninaomba liandikwe waziwazi katika maombi yetu ili asije mtu akalifahamu kama nilivyolifahamu mimi.

Sheha, saa 3:40 usiku
Nimesoma yote. Saa ya mkutano niliiweka bila ya kuutazama mwezi, na hilo ni kosa langu. Ninapendekeza Alhamisi inayofuata Jumamosi hiyo, saa 10 alasiri baada ya sala: maji yatakuwa mafu, hayakupwi sana, chuo kimefungwa, na Baba Neema ameshatoka kazini. Ramani haitapelekwa popote kabla ya siku hiyo. Chumba cha watoto wasiosoma dini ya Kiislamu na idadi ya madarasa inayotosha mkondo mmoja vitakuwa vya mwanzo kuzungumzwa.

Mama Subira, saa 3:46 usiku
Alhamisi tutakuja. Mama yangu hasomi, lakini ana maneno ya kusema, na atayasema kwa Kikae, kwa hivyo ninaomba mwandishi wa mkutano awe ni mtu anayemfahamu.

Mwalimu Mstaafu, saa 3:50 usiku
Nitaandika mimi.

Baba Neema, saa 3:52 usiku
Ninashukuru sana. Nitafika na mke wangu, nasi tutaleta majamvi mawili ya kukalia.